Nafuatiliaje kompyuta mpya zinazotoka bila kupotea?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Morogoro. Tangu niko sekondari napenda kufuatilia laptopu na kompyuta za mezani zinazotoka, ingawa yangu mwenyewe ni ya mtumba. Mwezi uliopita shangazi aliniomba nimsaidie kuchagua laptopu dukani. Zilikuwa mbili, bei zake zinakaribiana: moja ina Ryzen 5 5500U, nyingine Ryzen 5 7520U. Nikamwambia achukue ya 7520U kwa kuwa ni toleo jipya. Baadaye rafiki yangu akanicheka, akasema nimemchagulia iliyo dhaifu. Imeniuma. Kila wiki yanatoka majina mapya na siwezi tena kuyashika. Nifuatilie vipi ili nielewe ninachokiona? Na kuna faida gani kufuatilia vitu ambavyo sina uwezo wa kuvinunua?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na laptopu ya shangazi, maana humo ndani mna somo lote ulilouliza.

Rafiki yako amesema kweli kwa sehemu kubwa. Hizo mbili ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kampuni ya AMD. 5500U ilizinduliwa Januari 2021, ina viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa mpigo). 7520U ilizinduliwa Septemba 2022, ina viini 4 na nyuzi 8. Sehemu ya michoro ya 5500U ina vitengo 7 vya aina ya Vega. Ya 7520U ina vitengo 2 tu, ingawa ni vya aina mpya zaidi. Kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya ngazi ya tatu ni MB 8 kwa 5500U na MB 4 kwa 7520U. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba viini vya prosesa zote mbili ni vya usanifu (ramani ya ndani) uleule, Zen 2, ambao uliingia sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Yaani ulilinganisha ndugu wawili wa ukoo mmoja, na yule mwenye namba kubwa ndiye mdogo wa mwili.

Ulidanganywa na ile 7 ya mwanzo, na hukudanganywa peke yako. Mwaka 2022 AMD walitangaza mpangilio mpya wa majina kwa prosesa za laptopu. Kuanzia 2024 familia mpya kama Ryzen AI 300 zimeuacha, lakini prosesa za shangazi na wenzake husomwa hivyo. Tarakimu ya kwanza inaonyesha mwaka wa bidhaa, na 7 ni 2023. Ya pili inaonyesha daraja, kama ni Ryzen 3, 5, 7 au 9. Ya tatu ndiyo inayosema usanifu uliomo ndani, na wengi hawaiangalii. Soma tena: 7520U, tarakimu ya tatu ni 2, basi ni Zen 2. 7530U ni Zen 3. 7540U ni Zen 4. Zipange hizo tatu mezani, zote zimeandikwa Ryzen 5, zote zinaanza na 75, na tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni miaka mitatu ya kazi ya wahandisi. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui. Anauza kwa kusoma stika.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, nami naishikilia kuliko nyingine zote: usifuatilie laptopu, fuatilia chipu, yaani prosesa iliyomo ndani. Laptopu zinazotoka kwa mwaka ni mamia, na kampuni moja inaweza kuuza modeli ileile kwa prosesa tano tofauti. Lakini familia za chipu zinazotoka kwa mwaka unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Ukizijua hizo, laptopu yoyote utakayokutana nayo unajua mara moja umri wake wa kweli.

Intel nao wana mitego yao. Zamani ilikuwa rahisi: i5-1235U ni kizazi cha 12, i5-1335U ni kizazi cha 13, herufi U ni ya umeme mdogo, H ni ya nguvu zaidi, HX ni chipu ya kompyuta ya mezani iliyoingizwa kwenye laptopu. Desemba 2023 wakaacha ile "i" na kuleta Core Ultra. Mwezi uliofuata wakaleta pia Core 7 150U, bila neno Ultra, na ndani yake ni usanifu wa Raptor Lake, uleule wa kizazi cha 13. Kwa hiyo mtu mwenye Core 7 150U na mwenye Core Ultra 7 155H wananunua mwaka mmoja vitu ambavyo majina yao yanafanana kama pacha, lakini baba zao ni tofauti. Neno Ultra hapo si pambo.

Halafu kuna jambo ninalolipenda sana kwenye familia ya Lunar Lake, iliyozinduliwa Berlin Septemba 2024. Hizi zinaishia na herufi V: 226V, 228V, 256V, 258V. RAM yake imekaa kwenye kifungashio kimoja na prosesa, kwa hiyo haiongezeki kamwe, hata umpelekee fundi gani. Ni kiasi gani basi? Soma tarakimu ya mwisho. Ikiwa 6, ni GB 16. Ikiwa 8, ni GB 32. Mtu anaweza kusimama mbele ya laptopu iliyozimwa, asome stika peke yake, akajua itakuwa na RAM kiasi gani mpaka siku inakufa. Ukianza kuyaona mambo kama haya, haya majina yanayokuchosha sasa yatakuwa yanakupa habari.

Sasa kalenda. Huhitaji kuamka kila siku ukitafuta kipya kilichotoka, maana biashara hii ina misimu yake kama ilivyo masika na vuli. Januari ni Las Vegas, maonesho ya CES, na hapo ndipo laptopu nyingi za mwaka hutangazwa. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni ni Taipei, Computex, na hapo utasikia zaidi habari za prosesa, mazabodi (bodi kuu za kompyuta) na kompyuta za mezani, kwa sababu kampuni nyingi za vitu hivyo ziko Taiwan. Septemba ni Berlin, IFA. Apple hawafuati maonesho ya wengine. Wana mkutano wao wa Juni, na Mac nyingi hutoka kati ya Oktoba na Novemba au mwanzoni mwa mwaka: M1 ilikuja Novemba 2020, M3 Oktoba 2023, MacBook Air ya M4 ikaja Machi 2025. Nje ya misimu hiyo, sehemu kubwa ya unachosoma ni uvumi na picha zilizovuja. Uvumi una raha yake, siukatazi, ila usiuandike daftarini kwa wino.

Ndiyo, nimesema daftari. Ninalo la karatasi, la kurasa 96, tangu nianze kazi hii ya ufundi. Kila familia ya chipu inayotoka naiandikia mstari mmoja. Mstari wa Lunar Lake unasomeka hivi: "258V. Lunar Lake. Imetangazwa Sept 2024. Viini 8, nyuzi 8. RAM 32 ndani, haiongezeki. Umeme mdogo, si ya kazi nzito." Basi. Mstari mmoja ukiuandika kwa mkono wako unakaa kichwani kuliko video kumi ulizotazama umelala.

Katika kila mstari naacha nafasi ya tarehe mbili: siku ya kutangazwa na siku ya kuingia dukani. Usizichanganye hizo mbili. Snapdragon X Elite ya Qualcomm ilitangazwa Oktoba 2023 na watu wakaanza kuiimba, lakini laptopu zenyewe ziliingia sokoni tarehe 18 Juni 2024. Ni miezi minane. Ryzen 9000 za mezani zilitangazwa Taipei mwanzoni mwa Juni 2024, zikapangiwa kuuzwa mwishoni mwa Julai, kisha AMD wakaahirisha hadi Agosti kwa sababu shehena ya kwanza haikufikia ubora walioutaka. Hapo hata Marekani kwenyewe hazijauzwa. Ongeza na muda wa meli, forodha na mfanyabiashara kuamua kama zitanunulika, ndipo ziguse Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi. Kwa hiyo mtu akikwambia "subiri, mpya inatoka mwezi ujao", muulize inatoka wapi na inafika hapa lini.

Kwenye matangazo yenyewe, kuna maneno matatu ninayoyapigia mstari kila ninaposoma.

La kwanza ni "hadi". Betri hadi saa 20, kasi hadi GHz 5. "Hadi" maana yake kuna mahali fulani, kwa mwanga hafifu wa kioo na video moja inayocheza, walifika hapo. Siku yako ya kazi haifanani na hiyo.

La pili ni jina la kadi ya michoro. RTX 4090 ya laptopu na RTX 4090 ya mezani zina jina moja lakini chipu tofauti kabisa: ya mezani ina kumbukumbu ya GB 24, ya laptopu GB 16. Na ukishuka hadi RTX 4060 ya laptopu, kiwanda kinaruhusiwa kuipa umeme kuanzia wati 35 mpaka wati 115. Laptopu mbili zenye kadi hiyohiyo, moja nyembamba ya kupendeza, nyingine nene yenye feni zinazovuma, hazitacheza mchezo mmoja kwa kasi moja. Ukisoma karatasi ya sifa na haitaji wati za kadi ya michoro, shuku. Nenda Notebookcheck ukaone waliopima. Wale wanapima mwanga wa kioo, kelele ya feni na joto la sehemu ya chini ya laptopu, mambo ambayo kampuni haziyaandiki kwenye bango.

La tatu ni akili unde. Desemba 2023 Core Ultra za kwanza ziliuzwa kama kompyuta za zama mpya za akili unde, na sehemu yake ya kazi hiyo ilikuwa na uwezo wa kama TOPS 11 (TOPS moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde). Mei 2024 Microsoft wakatangaza Copilot+ PC, daraja lao la kompyuta za akili unde, na kuweka sharti la TOPS 40 au zaidi, RAM GB 16 na hifadhi GB 256. Waliokimbilia kununua Desemba kwa ajili ya neno hilo walijikuta nje ya mlango kabla ya nusu mwaka kuisha. Laptopu zao ni nzuri tu, tena nimezifungua nyingi, lakini walilipia ahadi iliyobadilishwa masharti.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda hicho nimekionja. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua laptopu katika wiki zilezile ilipoingia dukani. Kampuni siitaji. Ilikuwa na kioo kizuri sijapata kuona. Nikiifunga na kuitia begini, haikulala. Iliendelea kuwaka humo kimyakimya. Siku moja nimeshuka kwenye daladala Mwenge, naingiza mkono begini, nikakuta mwili wake una moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa na betri imeisha kabisa. Sasisho la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) lililotibu ugonjwa huo lilikuja miezi mitano baadaye. Aliyeinunua miezi sita baada yangu, kwa bei ndogo kuliko yangu, hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na shida.

Mfano mkubwa zaidi unajulikana dunia nzima. Prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 zilitoka Oktoba 2022, cha 14 zikafuata 2023. Watu walianza kulalamika kwamba michezo inaanguka na kompyuta zinajizima. Ni mpaka Julai 2024 Intel waliposema wazi kwamba tatizo ni volteji kupanda kupita kiasi. Agosti wakatoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa), na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara, hayaponyi chipu iliyokwisha kuharibika. Ukikutana na i7 au i9 ya mezani ya vizazi hivyo ikiwa mtumba, uliza kwanza kama BIOS imesasishwa, na iweke kwenye kazi nzito mbele ya macho yako kabla hujatoa pesa.

Kwenye kompyuta za mezani sitakaa sana, ila shika neno soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi. Soketi ndiyo inayoamua kama mazabodi yako ina maisha marefu. AM4 ya AMD ilizipokea Ryzen za kwanza za 2017, na mwaka 2022 bado ilipata Ryzen 7 5800X3D, prosesa iliyoongoza kwenye michezo, na bodi nyingi za mwanzo ziliipokea kwa sasisho la BIOS. AM5 ilikuja Septemba 2022, na AMD wameahidi kuiendeleza mpaka 2027 na kuendelea. Intel walikuwa na LGA1700 kwa vizazi vya 12 hadi 14, kisha Oktoba 2024 wakahamia LGA1851. Anayejenga kompyuta yake kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana, habari ya soketi mpya kwake ni nzito kuliko habari ya kasi.

Jambo moja limebadilika, na mimi mwenyewe limenilazimu kubadili ushauri. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu: subiri, bei zitashuka. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde vinavyolipa zaidi. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, jina la RAM na SSD (diski za hifadhi) ambalo mafundi wengi tumelitegemea kwa wateja wa kawaida. Kwa sasa laptopu yenye RAM ya kutosha tangu dukani ni bora kuliko ile unayopanga kuiongezea baadaye. Na kama RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hakuna baadaye.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo naona uliliuliza kwa unyonge kidogo: faida ni nini kwa asiye na uwezo wa kununua?

Mdogo wangu, wewe unanunua. Unanunua vitu vilivyozinduliwa jana. Laptopu za ofisi za Ulaya na Marekani hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu au minne, zinasafishwa, zinapakiwa, zinakuja kwetu. Nairobi wanaziita ex-UK, Dar tunasema mtumba au used. Anayefuatilia uzinduzi wa leo anasoma orodha ya bidhaa za Kariakoo za miaka minne ijayo.

Nikupe ushahidi. Agosti 2017 Intel walizindua kizazi cha 8 cha prosesa za U. Kabla ya hapo i5 ya laptopu nyembamba, kama i5-7200U, ilikuwa na viini 2. i5-8250U ikaja na viini 4, umeme uleule. Ni mara chache kizazi kimoja kinaruka hivyo. Kisha Microsoft walipotoa Windows 11 mwaka 2021, kwa upande wa Intel wakakata mstari karibu palepale: kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Na tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha. Sasa simama kwenye duka la mtumba. ThinkPad T470 na T480 zimekaa pamoja, zote nyeusi, zote zinafanana. Nyingi za T470 zina kizazi cha 6 au cha 7, nyingi za T480 zina cha 8. HP EliteBook 840 G4 na G5 ni vivyo hivyo. Nasema nyingi kwa sababu zipo T480 zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7, kwa hiyo usiridhike na jina la mgongoni. Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, soma jina kamili la prosesa lililoandikwa juu kulia. Gusa Memory uone kama kuna sloti. Kwenye RAM iliyochomelewa mara nyingi utaona maneno Row of chips. Dakika moja tu, na muuzaji hatakuuzia mbuzi kwenye gunia. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili inaweza kuwa ndogo, lakini tofauti ya maisha yake ni kubwa, na anayeiona ni yule aliyesoma habari za Agosti 2017 wakati wengine wanasema hazimhusu.

Kwa kuanzia, usifuate kurasa ishirini. Chagua sehemu moja ya vipimo kama hiyo Notebookcheck, halafu zoea kusoma karatasi rasmi: Intel na AMD wana ukurasa wa kila prosesa, na Lenovo wana PSREF, ambako modeli zao zimeandikwa mpaka idadi ya sloti na aina ya kioo. Ni maandishi makavu, hayana muziki wala mwanga wa rangi, lakini mimi huyasoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira.

Nirudi kwa shangazi. Usimwambie kwamba umemharibia. 7520U inafika GHz 4.3 kwa kiini kimoja, wakati 5500U inafika 4.0, kwa hiyo kwa Word, barua pepe, WhatsApp na video hataona upungufu. Ninachotaka ukague ni RAM. Prosesa hiyo hutumia LPDDR5, aina ya RAM inayochomelewa, kwa hiyo alichopewa dukani ndicho atakachokuwa nacho. Kama ni GB 16, ametulia. Kama ni GB 8, mpunguzie programu zinazojiwasha zenyewe na umzoeshe kutofungua kurasa arobaini kwa mpigo. Kama kuna SSD ndogo, hiyo kwa kawaida hubadilishika. Fungua uone sloti ya M.2, ndipo SSD inapokaa. Ukimaliza, chukua daftari, na kwenye mstari wa kwanza kabisa andika: 7520U, Zen 2, Septemba 2022, viini 4.